Mweusi wa Mirbat

Daftari langu la kwanza bado ninalo. Ukurasa wa Julai, mwaka wangu wa kwanza Dhofar, kusini mwa Oman, umeandikwa hivi: "Ndege mweusi 14. Ndege mweusi 3. Ndege mweusi mkubwa 1 (au yuko karibu?). Weusi wengi, nimeacha kuhesabu." Hakuna jengine. Nilikaa saa tatu juu ya jiwe, manyunyu yamenirowesha mpaka shati la ndani, na hicho ndicho nilichorudi nacho.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Kazi yangu ni vyumba vya kugandishia samaki na mashine za barafu, na kazi hiyo ndiyo iliyonitoa Unguja ikanileta Salalah. Kila baada ya wiki chache hutumwa Mirbat, mji mdogo wa wavuvi karibu kilomita 70 upande wa mashariki. Mashine ya barafu ikigoma pale, bandari nzima hununa. Ukishabadilisha kipuri lazima ungoje uone kama baridi linashika, na baridi halina haraka. Wenzangu hulala garini. Mie nilikuwa nakwenda rasini kutazama bahari.

Ndege wa bahari sikuwa mgeni nao. Nimekulia Nungwi, na ami yangu alinipakia chomboni hata ndevu sijaota. Kwake yeye ndege walikuwa wa namna mbili: wenye habari na wasio na habari. Anayekata moja kwa moja juu juu, huyo hana habari, mwache aende zake. Wanaozunguka chini, mara washuke mara wapande kama watu wanaotwanga, hao wana sehewa chini yao, na sehewa wakiwepo jodari hayuko mbali. Majina hakuyashughulikia. Palikuwa na shakwe, palikuwa na buabua, na palikuwa na wale wanaopita nje kabisa ya mwamba, kwenye maji yaliyoiva rangi ya nili. Hao aliwaita "weusi", wote kwa pamoja, na mimi nilirithi jina hilo nikavuka nalo bahari.

Kilichonivutia Mirbat kwanza ni upepo. Kusi, huu huu unaotufungia bahari kwetu, hufika Dhofar ukaitwa kharif. Kuanzia Juni hadi Septemba hupuliza sambamba na pwani. Kwa vile dunia inazunguka, maji ya juu hayafuati upepo sawasawa, yanasogezwa kuelekea nje, na nafasi yao inachukuliwa na maji ya baridi yanayopanda kutoka kilindini. Ndiyo maana nchi ya jangwa inapata ukungu na majani mabichi wakati Ghuba nzima inaungua, na familia kutoka Muscat mpaka Kuwait zinakuja kunyeshewa. Maji yale ya chini yana rutuba. Vijimea vya baharini vinachanua, dagaa wanajaa, mpaka watu huku huwaanika mchangani kwa mafungu wakawa chakula cha ngamia. Na ndege wanakuja, lakini watalii wanatazama milima, bahari wameipa mgongo.

Wengi wa wale niliowaandika "mweusi" walikuwa petreli wa Jouanin, ndege wa bahari kuu. Jina limetokana na Christian Jouanin, Mfaransa aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika sayansi mwaka 1955. Ndege anayepita kwa maelfu mbele ya pwani iliyosafiriwa na majahazi tangu zama na zama, akapata jina la kitaalamu mwaka ambao ami yangu tayari alikuwa anatambaa! Jina lenyewe ni Bulweria fallax. Neno fallax ni Kilatini, maana yake mdanganyifu. Ningelijua hilo mapema ningejionea huruma kidogo.

Kwa sura hana cha kusimulia. Ni kahawia iliyokoza kote, juu na chini, kwa mbali ni mweusi tu. Urefu wake ni sentimita 30 na kitu, na akikunjua mabawa kutoka ncha hadi ncha ni kama sentimita 80. Mkia ni mrefu, na kwa kuwa mara nyingi ameufumba, unaonekana umechongoka. Mdomo ni mweusi, mnene kuliko unavyotarajia kwa mwili ule. Shida ni kwamba maelezo hayo, ukiondoa vipimo, unaweza kuyabandika kwa nusu ya ndege wanaopita rasini wakati wa kusi.

Agosti ya mwaka wa pili nikafanya kosa ambalo mpaka leo likitajwa nainamisha kichwa. Alipita mmoja karibu, na juu ya bawa lake nikaona mstari wa rangi ya hudhurungi mpauko, wazi kabisa. Nikafungua kitabu palepale. Kitabu kikasema petreli wa Bulwer, nduguye mdogo, anao mstari huo. Na pwani hii ni nadra. Basi furaha niliyokuwa nayo! Jioni ile ile nikamwandikia mtazamaji mmoja mzoefu, mtu aliyekaa Oman miaka mingi na anayetunza kumbukumbu. Nikaweka tarehe, saa, mahali, na alama mbili za mshangao.

Hakunikatalia. Aliniuliza maswali matatu. Upepo ulikuwaje? Mdomo ulikuwa mnene au mwembamba? Alipita peke yake, au pamoja na wengine niliowajua? La kwanza nililijibu kwa kubahatisha. La pili na la tatu sikuwa na jibu, kwa sababu nilipouona mstari niliacha kumtazama ndege nikaanza kutazama kitabu.

Wiki iliyofuata nikarudi rasini na uchungu wangu. Nikaanza kuwatazama mabawa waliopita karibu, na mstari nikauona kwa mmoja, kisha kwa mwingine, kisha kwa mwingine tena, wengine hafifu, wengine kama umechorwa kwa chaki. Manyoya ya katikati ya bawa hupauka kwa jua na chumvi kabla hayajabadilishwa. Nikatazama ovaroli langu la buluu. Mabegani lilikuwa jeupe, kwapani bado jipya. Ndege wangu wa nadra alikuwa ni mdanganyifu yule yule, amevaa nguo kuukuu.

Nikamwandikia tena kukiri. Akajibu kwa sentensi moja tu, kwamba naye mwaka wake wa kwanza alimuona Bulwer mara nne.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kuandika, na mstari wa kwanza wa kila ukurasa ni upepo. Watu hudhani hiyo ni adabu ya mabaharia tu. Lakini ndege hawa hawana rangi ya kuwatofautisha, kilichobaki ni mwendo, na mwendo wao ni upepo. Kusi ikiwa imekaza, petreli wa Jouanin hupanda juu ya upeo wa macho kwa upinde mrefu, mita kadhaa juu ya mawimbi, akageuka ubavu, akateremka mpaka unadhani bawa limegusa maji, kisha akapanda tena. Hupiga mabawa mara nne tano taratibu, halafu anajiachia. Hana pupa. Siku upepo umelala, ndege yule yule hukaa chini chini, mabawa yanafanya kazi zaidi, na ule upinde uliokuwa unamtambulisha haupo. Ukimjua kwa siku ya upepo tu, siku ya shwari utampa jina jengine. Mimi nimempa mengi.

Jamaa yao mkubwa ni Ardenna carneipes, anayekuja miezi ya kusi kutoka kusini ya mbali. Huyu mabawa yake hufika mita moja na kuzidi, ni mzito, hupiga mabawa yaliyonyooka kama mbao, na mdomo wake ni mweupe wenye uwaridi na ncha nyeusi. Mdomo huo unaonekana kwa mbali ajabu, kama mtu aliyebana sigara. Binamu yake Ardenna pacifica, anayezaa Ushelisheli na Reunion, ana mkia mrefu zaidi na mdomo mwembamba wa kijivu. Naamini wengi wa "weusi" wa ami walikuwa hao. Kisha kuna Anous stolidus, jamaa ya buabua, kahawia na kofia ya kijivu nyeupe. Huyu hupiga mabawa muda wote, hatelezi kwenye upepo, na ukishalijua hilo hakusumbui tena. Shakwe weusi wa bandarini wasikutie hofu. Makinda yao ni kahawia tupu, ila wataishia kwenye utumbo wa samaki mbele ya miguu yako, na petreli hafanyi hivyo.

Ukubwa uliniponza kuliko yote. "Mkubwa (au yuko karibu?)" si mzaha, ndiyo hali halisi. Baharini hakuna mti wala ukuta wa kulinganishia. Nimeacha kabisa kuandika "mkubwa" au "mdogo" mpaka ndege apite bega kwa bega na mwingine ninayemjua. Hungoja. Mara nyingine hungoja nusu saa, na mara nyingi huyo wa kulinganishwa naye hatokei.

Na jengine dogo: chagua mmoja umfuate na darubini mpaka apotee. Mwanzo nilikuwa naruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kama mtoto kwenye duka la halua, nikiona ndege mia na simjui hata mmoja. Sasa nikifuata kumi kwa asubuhi nzima, nimeshiba. Mawingu ya kharif ni neema pia. Mwanga wake ni tulivu, hauna kivuli. Siku za jua kali, kila ndege aliye upande wa jua ni mweusi, hata yule mwenye tumbo jeupe.

Rasini ndiko nilikokutana na Babu. Simtaji jina, asije akaniuliza. Alizaliwa Unguja, Ng'ambo, akaja Oman miaka ya 1970 kama wengi waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Alinisikia nazungumza kwenye simu na mke wangu, akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza.

"Shikamoo Babu," nikamwambia, maana uso wake ulinionyesha ameelewa kila neno.

"Marahaba mwanangu. Kumbe mzungu wa darubini anayezungumzwa bandarini ni weye!"

Tangu hapo kahawa yangu ya Mirbat nainywa barazani kwake. Yeye ndiye aliyenihadithia visiwa vya Hallaniyat, vilivyoko mbele zaidi huko mashariki, zamani vikijulikana kama Kuria Muria. Mwaka 1854 Sultan Said bin Sultan, huyu huyu wa mikarafuu yetu, alimpa Malkia Victoria visiwa hivyo. Waingereza hawakuvitaka kwa uzuri wake. Walitaka kinyesi cha ndege, kilichorundikana miaka na miaka juu ya mawe, wakakichimba na kukipakia majahazini kuwa mbolea ya mashamba ya Ulaya. Visiwa vilirudi mikononi mwa Muscat mwaka 1967. Babu huipenda sana hadithi hiyo. "Mfalme kampa malkia choo cha ndege," husema, "na malkia kashukuru." Akacheka mpaka kikombe kikamwagika.

Petreli wa Jouanin hakuchangia sana rundo lile, maana hazai mahali peupe. Hufika kwenye kiota usiku, ndani ya nyufa za majabali. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walikuwa hawajathibitisha kiota chake hata kimoja. Cha kwanza kilipatikana kisiwani Sokotra, kwenye majabali. Babu nilipomwambia alitikisa kichwa tu. Kwake haikuwa ajabu kwamba kitu kinachopita mlangoni kila siku hakijulikani kinalala wapi.

Oktoba moja, kusi imekufa na bahari imelala kama ulimi wa ng'ombe, mjukuu wa Babu alinichukua nje na boti yake ya faiba. Nilibeba chupa ya sifa, mafuta ya papa tuliyokuwa tukipaka vyombo kwetu. Nilisoma kwamba ndege wa ukoo huu wananusa. Vijimea vya bahari vikiliwa hutoa harufu fulani ya salfa, na baadhi yao huifuata kwa maili nyingi, kwa sababu penye kuliwa vijimea pana cha kula na wao. Kijana aliniangalia nikidondosha mafuta yale nyuma ya boti kwa uso wa mtu anayehesabu gharama ya kuosha.

Zilipita dakika ishirini kimya. Kisha wakaja wadogo, Oceanites oceanicus, si wakubwa kuliko shomoro aliyenenepa, kiuno cheupe, wakatoka upande wa chini wa upepo wakipinda kushoto na kulia mpaka wakaufikia mstari wa mafuta. Miguu yao ilining'inia ikigusa maji kana kwamba wanatembea. Kijana akasahau habari ya kuosha. Lakini petreli wa Jouanin, aliyenileta pale, hakujali. Mmoja alizunguka mara moja kwa mbali akaenda zake. Wengine tuliwakuta wamekaa juu ya maji, kundi la ishirini au zaidi, wakielea kama vifuu vya nazi. Boti ilipokaribia waliinuka kwa tabu, wakikimbia juu ya maji, wala hakuna hata mmoja aliyechora ule upinde niliowatambulia. Kama nisingewaona midomo ningeandika tena "mweusi".

Ndege niliyemfahamu vizuri kuliko wote sikumtafuta. Usiku wa Agosti, ukungu mzito, mlinzi wa ghala la baridi alinigongea dirisha akasema popo mkubwa ameanguka uani chini ya taa. Ndege hawa wakichanganyikiwa na taa kwenye ukungu hushuka, na wakishafika ardhini hawawezi kuinuka, kwani miguu yao iko nyuma sana na haiwabebi. Nilimfunika na taulo. Kwanza akanitapikia mafuta mkononi.

Nilimshika labda dakika tatu. Uzito wake haukufika wa chungwa kubwa. Ndege niliyemwona akikata kusi ya Mirbat, hakuwa na uzito wa chungwa. Juu ya mdomo palikuwa na mirija miwili iliyoungana, pua yake, na kwenye ncha palining'inia tone. Ndege hawa hunywa maji ya bahari, chumvi huchujwa na tezi zilizo juu ya macho, na maji yaliyokolea chumvi hutokea puani. Ncha ya mdomo ilikuwa ndoana, nene, na sikuhitaji tena kuambiwa tofauti. Miguu ilikuwa ya waridi na ncha nyeusi, jambo ambalo kwa darubini sikuwahi kuliona. Harufu yake ni nzito, ya mafuta na kitu kama miski. Taulo nimelifua mara nyingi, harufu bado ipo.

Mlinzi alikuwa tayari ameleta samaki na bakuli la maji. Nikamwambia hapana, wala tusimlazimishe kitu. Tulimweka kwenye katoni yenye matundu, mahali pa giza, tukamwacha. Kesho yake magharibi nilimpeleka ufukweni, mbali na taa, nikakaa nikiwa nimemweka juu ya kiganja kilichofunguliwa. Alikaa tuli kiasi nikaanza kuwa na wasiwasi. Upepo ulipompiga kifuani alikunjua mabawa tu, hakuruka hasa, upepo ndio uliomchukua. Sikumwona akipanda. Giza lilishaingia.

Msimu uliopita nilikwenda likizo Nungwi, na ami, ambaye sasa goti linamsumbua lakini usukani haachi, alinichukua nje ya mwamba. Asubuhi ya maleleji, upepo hakuna. Mbele yetu, mbali, akatokea mmoja mweusi akiruka chini chini.

"Haya," ami akasema, "weye uliyekaa Uarabuni miaka yote hiyo. Yule nani?"

Nilimfuata na darubini mpaka macho yakatoka machozi. "Sijui, ami. Upepo hakuna, na hana wa kulinganishwa naye."

Ami alinyamaza kidogo. "Mie nilidhani umekwenda kusoma." Kisha akakinga mkono juu ya macho akatazama tena. "Jina utamtafutia. Anazunguka, yule. Toa mshipi."